Mlango wa Mlima wa Moto katika Kisiwa cha Réunion

Wasomaji wetu wengi wanakaa karibu na milima ambayo wazee husema iliwaka moto zamani. Sisi wenyewe tulizaliwa chini ya Kilimanjaro, na katika utoto wetu tulihadithiwa jinsi Mawenzi alivyokwenda kwa jirani yake Kibo kuomba moto, na jinsi alivyorudi amepigwa. Lakini moto huo hatukuuona, wala babu zetu hawakuuona. Sisi tumeona theluji tu. Kwa hiyo neno "mlima wa moto" kwetu limekuwa kama neno la hadithi za jioni.

Leo twapenda kueleza habari za mlima ambao haujawa hadithi. Upo katika kisiwa cha Bahari hii hii ya Hindi, na mtu yeyote mwenye miguu mizima na moyo wa kutii amri aweza kuuendea, akateremka kwa ngazi mpaka ndani ya ua wake, akapanda hata ukingoni mwa shimo lake, akarudi kabla ya adhuhuri. Tena watu wa pwani yetu wana sehemu yao katika mambo ya kisiwa hicho, ingawa ni wachache wanaoijua.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Réunion. Zamani kiliitwa Bourbon. Msafiri akitoka pwani ya Afrika kwenda mashariki, akaipita Bukini, ambayo siku hizi huitwa Madagaska, na akaendelea tena kama kilometa 700, atakifikia. Jirani yake wa karibu ni Mauritius. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 2,512, yaani kama Unguja moja na nusu. Tangu mwaka 1946 kisiwa hiki ni mkoa wa Ufaransa kama mikoa mingine ya nchi hiyo, na watu wake husema Kifaransa na Krioli.

Kisiwa chote ni kazi ya moto. Bahari ya huko ina kina cha mita 4,000 hivi, na mawe yaliyoyeyuka yalitoka chini, yakagandamana tabaka juu ya tabaka, mpaka yakatokeza juu ya maji na kuendelea kupanda angani. Hivi leo pana milima miwili mikubwa. Mkubwa, Piton des Neiges, una mita 3,070, nao umelala kwa zaidi ya miaka 10,000. Mdogo una mita 2,632 nao ndio ulio macho. Jina lake ni Piton de la Fournaise, maana yake Kilele cha Tanuru. Tangu watu walipoanza kukaa kisiwani katika karne ya 17 mlima huu umetoa moto zaidi ya mara 150. Iko miaka ambayo umewaka mara mbili au tatu, na iko miaka ambayo umenyamaza kabisa, kama ulivyonyamaza kutoka 1992 hata Machi 1998, watu wakaanza kudhani umekufa. Haukuwa umekufa; mwaka huo wa 1998 uliwaka kwa muda wa nusu mwaka.

Huenda msomaji akauliza: moto huu watoka wapi, na kwa nini hapo na si mahali pengine? Wataalamu wa miamba wanaeleza hivi. Chini sana ya gamba la dunia pana mahali penye joto kupita majirani zake, na mahali hapo hapahami. Linalosogea ni gamba lenyewe, polepole mno, kama mtu anayevuta karatasi juu ya mshumaa. Kila mahali karatasi ipitapo juu ya mwali huachwa alama. Mahali hapo hapo pa joto ndipo palipomwaga mawe meusi ya uwanda wa Deccan katika Bara Hindi, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Baadaye pakajenga misingi ya visiwa vya Maldivi, kisha Mauritius, na sasa ni zamu ya Réunion.

Yako mambo mawili katika moto huu yanayoufanya uweze kutazamwa. La kwanza ni kwamba mawe yake yaliyoyeyuka, yaitwayo lava, ni mepesi kutiririka. Hayakai yakaziba koo la mlima mpaka mlima ukapasuka kwa kishindo, bali hutoka katika nyufa na kushuka mtelemko kama uji uliofurika chungu. La pili ni kwamba karibu mara zote hutoka ndani ya ua mmoja mkubwa, ambao tutaueleza. Lakini mtu asidanganywe na neno "uji". Joto la lava hiyo hufika kiasi cha digrii 1,150 za Selsiasi. Chuma hakiyeyuki kwa joto hilo, ila huwa chekundu na laini, kama kitokavyo katika moto wa mhunzi.

Kabla ya kupanda, yafaa tuseme habari za watu. Kisiwa hiki hakikuwa na wenyeji. Wafaransa walipokalia walilima kahawa, kisha miwa, nao hawakutaka kulima kwa mikono yao. Wakaleta watumwa kutoka Bukini, kutoka Msumbiji, na kutoka pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa elfu moja kila mwaka. Msomaji aliyefika Kilwa Kisiwani, akasimama juu ya magofu yale akitazama bandari, ajue kwamba baadhi ya majahazi na marikebu zilizotoka pale zilielekea huko. Utumwa ulikomeshwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, na watu waliopewa uhuru siku hiyo walikuwa zaidi ya 60,000. Tarehe hiyo husherehekewa mpaka leo kila mwaka kwa ngoma na nyimbo.

Hata katika majina ya nchi alama yao imebaki. Uwanda wa juu ambapo barabara ya mlimani huanzia waitwa Plaine des Cafres. Neno hilo "Cafre" asili yake ni neno la Kiarabu tunalolijua sana, kafiri. Mabaharia walilichukua pwani wakawaitia watu weusi wote. Katika nyanda hizo za baridi ndiko walikokimbilia watumwa waliotoroka mashambani, wakijificha katika ukungu. Leo watu wenye asili ya Kiafrika kisiwani hujiita Kaf, wala hawalionei haya. Sisi tulipolifahamu neno hilo lilikotoka, tulilitafakari kwa muda.

Hifadhi ya Taifa ya Réunion ilianzishwa tarehe 5 Machi 2007, nayo ina hekta kama 105,000, yaani zaidi ya sehemu 40 katika kila 100 za kisiwa kizima. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiandika milima yake na makorongo yake katika orodha ya urithi wa dunia. Mtanzania au Mkenya asikiapo "hifadhi ya taifa" mara moja hufikiri tembo na simba. Huko hapana. Hapana mnyama mkali hata mmoja wala nyoka wa sumu. Kinachohifadhiwa ni milima yenyewe, misitu, ndege na mimea isiyopatikana pengine. Katika bonde la Mafate, lililomo ndani ya milima hiyo, wanakaa mamia ya watu pasipo barabara ya gari hata moja; kila kitu chao hufika kwa miguu au kwa helikopta.

Sasa na tupande. Mtu anayetaka kuuona mlima hana budi kuondoka pwani usiku, kama saa tisa au saa kumi, ili alfajiri imkute juu. Sababu yake ni mawingu. Asubuhi mbingu huwa safi, lakini jua linapopanda, hewa ya bahari yenye unyevu hupanda nayo, na yapata saa nne mlima huvikwa shuka nyeupe, asionekane mtu aliye hatua ishirini mbele yako. Tena avae nguo za baridi. Tumesikia wageni wengi wakishangaa: wametoka ufukweni wakiwa wamevaa kaptura, na baada ya mwendo wa saa mbili wanakuta umande umeganda. Katika miezi ya Julai na Agosti barafu nyembamba huonekana juu ya majani. Aliyepanda Kilimanjaro hatashangaa, bali mtu wa pwani na akumbuke neno hili.

Barabara hupita malisho ya ng'ombe, mabichi kabisa, kisha vichaka vifupi, kisha shimo kubwa la mlima wa zamani liitwalo Commerson. Hapo msomaji apunguze mwendo kidogo, kwa maana mahali hapo pana sifa yake ulimwenguni. Mwezi wa Februari 2007, kimbunga kilichoitwa Gamède kilipopita, mvua iliyopimwa hapo katika siku tatu ilikuwa milimita 3,929. Hapana mahali pengine duniani palipoandikwa mvua kama hiyo katika muda huo. Dodoma haipati milimita 700 katika mwaka wa kawaida. Basi mvua ya siku tatu ya Commerson yapita mvua ya Dodoma ya miaka mitano. Ndiyo sababu safari ya mlimani haifanywi wakati wa vimbunga, yaani Januari hata Machi, ila kwa mtu mpumbavu. Miezi mizuri ni kutoka Mei mpaka Novemba.

Baada ya hapo njia hushuka katika uwanda usio na mti, Plaine des Sables, maana yake Uwanda wa Mchanga. Si mchanga wa mtoni. Ni vipande vya mawe ya moto, vyeusi na vyekundu, vimetandazwa kama makaa katika karakana ya reli. Sauti ni ya upepo tu. Kisha ghafula barabara yaisha, na nchi pia yaisha: mbele ya miguu yako ni ukuta wa jabali ulioshuka wima zaidi ya mita 100, na chini yake ni uwanda mweusi mpana, na katikati ya uwanda umesimama mlima wenyewe.

Uwanda huo kwa Kifaransa waitwa Enclos, na tafsiri yake hasa ni ua au boma. Sisi tutauita Boma. Upana wake wafika kilometa nane hivi. Ulitokea katika muda usiozidi miaka 5,000, nchi ilipodidimia baada ya mawe yaliyoyeyuka chini yake kutoka na kuacha uwazi. Ukuta wake umezunguka kama nusu ya duara, na upande wa mashariki hauna ukuta. Huko Boma hushuka moja kwa moja mpaka baharini. Moto ukitoka ndani ya Boma, ukuta huuzuia usiende kwa watu, nao hutiririka kwenye mtelemko wa bahari, ambako hapakai mtu.

Basi katika mwaka 1768 Gavana wa kisiwa, Bellecombe, pamoja na afisa mwenziwe Honoré de Crémont, walisafiri na watu wao kwenda kuutazama mlima. Walipofika juu ya ukuta walikwama. Mlima walikuwa wakiuona, lakini njia ya kuteremka haikuonekana. Aliyeipata alikuwa mmoja wa watumwa wao, jina lake Jacob. Yeye ndiye aliyeshuka jabali hilo kwanza, na mabwana wakashuka nyuma yake. Wakarudi, habari ikaandikwa, na mahali pale pakaitwa Pas de Bellecombe, yaani Kivuko cha Bellecombe. Likakaa hivyo kwa miaka zaidi ya mia mbili. Siku hizi jina limesahihishwa, na kibao cha mahali hapo chasomeka Pas de Bellecombe-Jacob. Hatujui mtu atasema nini kuhusu mistari ya jina iliyoongezwa kibaoni. Yuko atakayeona ni jambo dogo. Sisi makarani, ambao kazi yetu ni kuandika majina ya watu katika madaftari, hatulioni dogo.

Tena huyo si peke yake. Miaka michache baadaye, mtaalamu wa mimea Commerson alipoupanda mlima, alifuatana na kijana Jean-Baptiste Lislet Geoffroy, aliyezaliwa kisiwani mwaka 1755, mama yake mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa akapewa uhuru. Kijana huyo akawa mchoraji wa ramani na mpimaji wa nyota na hali ya hewa, na mwaka 1786 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimfanya mjumbe wake wa kuandikiana nayo. Hapana mtu mweusi aliyepata heshima hiyo kabla yake.

Njia aliyoifungua Jacob leo ni ngazi. Ziko mamia ya vidaraja, vingine vimechongwa katika jiwe, navyo hushuka kwa kupinda na kupindua mpaka sakafu ya Boma. Lipo lango juu yake, na neno la lango hilo tutalirudia.

Chini, kitu cha kwanza ni kilima kidogo cha rangi ya kutu kiitwacho Formica Leo, kilichotokea mwaka 1753. Jina ni la Kilatini nalo ni la kidudu ambacho kila mtoto wa kwetu amekichezea: kile kinachochimba kishimo cha mviringo katika mchanga mkavu na kungoja sisimizi waanguke. Mtu akitazama kilima hicho kutoka juu ya ukuta, ataona kweli kishimo cha kidudu yule, ila kimekuwa kikubwa. Mbele yake pana pango dogo la lava lenye mlango mrefu kama wa kanisa, nalo huitwa Kanisa la Rosemont.

Toka hapo njia hupandishwa na alama za rangi nyeupe zilizopakwa juu ya mawe. Alama hizo si pambo. Boma lote ni jeusi, kila jiwe lafanana na mwenziwe, na ukungu unaposhuka mtu aweza kuzunguka mpaka usiku bila kuiona ngazi. Mwenye busara hasogei kutoka alama moja mpaka aone ya pili. Mahali pengine lava imeganda laini, imejikunja kama kamba za katani. Mahali pengine imekatika vipande vikali ambavyo hukata soli ya kiatu. Pia iko lava ambayo juu ni ngumu na chini ni tupu, kwa kuwa uji ulipita ukaacha bomba. Mtu mzito akikanyaga, dari huvunjika. Maji hayapo hata tone. Kwenda na kurudi ni kazi ya saa tano au sita, na mwenye kiu hana pa kuomba.

Juu kabisa ni ukingo wa shimo la Dolomieu. Hapa inafaa tueleze jambo lililotukia Aprili 2007, kwa sababu wengi waliopanda kabla ya mwaka huo walikuwa wakitembea mahali ambapo leo ni hewa. Tarehe 2 Aprili moto ulitoka chini, karibu na bahari, ukamwaga lava zaidi ya meta za ujazo milioni 100, nyingi kuliko iliyopata kutolewa na mlima huu katika miaka mia na zaidi. Lava ikatoka upesi hata ghala lililokuwa chini ya kilele likabaki tupu. Hata siku ya tatu kilele kikaanza kudidimia, na katika siku chache sakafu ya Dolomieu ikashuka zaidi ya mita 300. Mnara mrefu wa kanisa kuu ungeweza kusimamishwa ndani yake wala ncha yake isifike ukingoni. Hapakuwa na mtu, kwa maana Boma lilikuwa limefungwa. Kingo za shimo bado zinamomonyoka, na kwa hiyo mahali pa kutazamia pamewekwa pamoja tu, na mgeni haruhusiwi kuzunguka atakavyo.

Sasa turudi langoni. Huko Bourg-Murat, mwanzo wa barabara ya mlimani, kipo kituo cha wataalamu ambao kazi yao ni kuusikiliza mlima usiku na mchana. Wameweka vyombo Boma zima: vya kupima mitetemeko ambayo miguu ya binadamu haiisikii, vya kupima kama mlima umevimba hata kwa unene wa ukucha, vya kupima hewa zinazotoka katika nyufa. Kabla ya moto kutoka, mlima huvimba kidogo, kisha mitetemeko midogo huja kwa mamia mfululizo. Ndipo kituo hupeleka habari kwa mkuu wa serikali ya kisiwa, naye hutoa amri, na lango la ngazi hufungwa. Waliomo ndani huondolewa. Wakati mwingine ni saa chache tu, au chini ya saa moja, toka mitetemeko mpaka moto.

Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1979, nacho kilianzishwa kwa sababu. Aprili 1977 moto ulitoka mahali ambapo haukutazamiwa, nje ya Boma, ukashuka kwenye kijiji cha Piton Sainte-Rose. Watu walihamishwa, nyumba zikamezwa, barabara ikakatwa. Lava ikafika kwenye kanisa la kijiji, ikalizunguka pande zote, ikapenya mlangoni na kusimama. Kanisa lipo mpaka leo na watu husali ndani yake. Limepewa jina la Bibi Yetu wa Lava, na mawe meusi yamebaki kizingitini kama yalivyosimama. Waumini husema lao na wataalamu wa miamba husema lao juu ya sababu ya kusimama kwake. Sisi twaandika tu kwamba hakufa mtu.

Mwaka huo huo wa 1977, mwezi wa Januari, mlima wa Nyiragongo huko Kongo ulipasuka ubavuni na lava yake ikateremka kwa kasi kuliko mtu akimbiavyo, ikaua watu wengi waliokuwa vijijini mwao. Mwaka 2021 ulitoa moto tena, jioni, bila onyo kutolewa kwa watu wa Goma, na makumi wakapoteza maisha. Milima hii miwili haifanani kwa tabia, na si haki kuipima kwa mizani moja. Lakini jamaa zetu wa Goma, ambao husema Kiswahili kama sisi, wanajua kuliko mtu yeyote thamani ya chombo kidogo kilichofukiwa katika jiwe na mtu wa kukiangalia saa nane za usiku.

Kwa hiyo mgeni afikaye juu ya ukuta akakuta lango limefungwa asinung'unike, wala asiruke. Wako wanaoruka. Kila moto unapotoka, hawakosi watu wanaopita kando ya lango gizani ili wapige picha karibu. Aprili 2021, mlima ukiwa unawaka, wanafunzi wawili walikutwa wamekufa ndani ya Boma.

Kuna njia nyingine ya kuuona mlima isiyohitaji kupanda. Ni barabara ya pwani ya mashariki, ipitayo kati ya Sainte-Rose na Saint-Philippe, hapo Boma linaposhuka baharini. Nchi hiyo yaitwa Grand Brûlé, maana yake Ungulio Kuu. Kila mahali mto wa lava ulipovuka barabara pamewekwa kibao, na juu yake umeandikwa mwaka. Twadhani hapana shule bora ya kuonyesha jinsi jiwe ligeukavyo udongo. Penye mwaka wa karibuni ni jeusi tupu. Penye mwaka wa nyuma kidogo jiwe limeota ukoga wa kijivu, kama limemwagiwa majivu. Penye mwaka wa nyuma zaidi majani yametokeza katika nyufa. Na penye miaka mingi pana msitu, na mtu asiyesoma kibao hawezi kujua kwamba miti hiyo imesimama juu ya moto. Mwaka 1986 lava iliongeza kisiwani hekta zaidi ya 20 za nchi mpya kwa kujaza bahari, na ile ya 2007 ikaongeza nyingine. Mto wa 2007 uliifunika barabara kwa unene mkubwa hata, baada ya njia kukatwa upya juu yake, kwa miaka kadhaa kila mvua iliponyesha mawe yalitoa mvuke.

Katika misitu ya upande huo, chini ya kivuli, wakulima hupanda vanila. Wasomaji wetu wa Bukoba na ndugu zetu wa Uganda wanaochavusha maua ya vanila kwa kijiti na kidole gumba, ua moja moja, asubuhi mapema, huenda wasijue kwamba ufundi huo uligunduliwa katika kisiwa hiki mwaka 1841 na mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond, aliyepewa jina la Albius alipopata uhuru. Utajiri uliotokana na kidole chake ulikuwa mkubwa. Yeye alikufa maskini mwaka 1880.

Moto unapotoka na lango likafungwa, watu wa kisiwa hawakai nyumbani. Huja kwa maelfu usiku katika barabara hiyo ya mashariki, au katika kingo za ukuta zilizoruhusiwa, pamoja na watoto na wazee, wamechukua mablanketi na sufuria za wali na maharagwe. Huketi chini wakatazama mstari mwekundu ukishuka gizani, wakahadithiana juu ya moto wa mwaka fulani na wa mwaka fulani, mpaka baridi ya alfajiri iwarudishe makwao.